Mwaka na Siku Moja wa Bi Eulalie

Kochi la Verna lilikuwa limerudi nyuma kwa upana wa kiganja.

Octave Duvernay aliligundua hilo Jumatatu asubuhi, mwishoni mwa Juni, akifagia chumba cha mbele huku sufuria ya maharage mekundu ikichemka jikoni. Kwa miaka ishirini miguu minne ya kochi ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye zulia. Sasa vishimo vilikuwa wazi, na miguu ilisimama nyuma yake. Octave alikuwa fundi lipu kwa miaka arobaini na sita kabla ya kustaafu, na jicho lake halikuhitaji futi. Inchi nne na nusu.

“Verna! Umesogeza kochi?”

“Kwa mgongo gani?” mkewe alijibu kutoka jikoni. “Daktari kanikataza hata kuinua sufuria, wewe unaniuliza kochi.”

“Sasa nani kalisogeza?”

“Liulize lenyewe. Miaka ishirini linakusikiliza ukikoroma, labda limechoka.”

Octave alicheka, akalirudisha mahali pake. Alipoinama alisikia harufu ya lipu mbichi, chokaa na mchanga vilivyotiwa maji muda si mrefu. Alinusa mikono yake. Alinusa ukuta. Ukuta ule aliupiga lipu mwenyewe mwaka aliomwoa Verna, na ulikuwa mkavu. Hakuwa ameshika mwiko kwa siku tisa.

Siku hizo tisa alikuwa akijitahidi asizifikirie.

Tangu astaafu, wiki yake ilikuwa na mpango usiobadilika. Jumatatu ni maharage mekundu na wali, kwa sababu hakuna mtu wa New Orleans anayekula kitu kingine Jumatatu na akajiona mzima. Jumanne karata barazani kwa Numa Bagneris. Ijumaa samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia. Jumapili misa, na ikiwa kuna chama kinachoandamana, kucheza nyuma ya bendi ya tarumbeta mpaka miguu iseme basi. Na kila chama chao, Ndugu wa Faraja, kilipofiwa, aliitwa yeye na mwiko wake.

Chama kilikuwa na kaburi lake, jengo la matofali lenye matundu kumi na mawili, juu ya ardhi, maana chini ya ardhi ya jiji lile kuna maji. Mwanachama akifa, jeneza lake huingizwa tunduni na Octave huziba kwa matofali na lipu. Tundu halifunguliwi tena mpaka upite mwaka mmoja na siku moja. Joto la kiangazi hufanya kazi yake humo ndani. Kisha fundi hufungua, husukuma mifupa nyuma kwa mti mrefu wenye kichwa cha duara, nayo huangukia shimo la pamoja walimolala wazee wote wa chama, na tundu humpokea mwingine. Hakuna aliyewahi kulalamika. Wote walijua siku moja watasukumwa. Walichodai ni mwaka wao na siku yao.

Bi Eulalie Picou alikufa mwishoni mwa Agosti mwaka uliotangulia. Alikuwa mshonaji, suti na mishipi yote ya maandamano ya chama ilipita mikononi mwake. Hakuolewa, hakuzaa, na ndugu zake wanane walimtangulia. Aliwahi kumwambia Octave, akimpima mabega:

“Tave, mimi nimelala watoto tisa kitanda kimoja mpaka nikafika miaka kumi na saba. Halafu nikalala kwenye nyumba za watu. Mkishaniweka mle, nataka mwaka wangu peke yangu. Baada ya hapo nisukumeni, sina neno.”

“Utaupata, Bi Eulalie. Mimi ndiye nitakayeziba.”

“Basi uzibe vizuri.”

Tarehe kumi na tatu ya Juni akafa Sidney Bagneris, mdogo wake Numa, na matundu yote kumi na mawili yalikuwa hayajatimiza muda. Lililokaribia kuliko yote lilikuwa la Bi Eulalie. Lilibakiza siku sabini na saba.

Numa alikuwa mwenyekiti wa chama kwa miaka kumi na tisa. “Ndugu wa mwenyekiti halali kwenye tundu la kuazima,” alisema. “Fungua la Eulalie.”

“Bado siku sabini na saba, Numa.”

“Ana nani wa kumhesabia?”

Octave angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Ukoo wa Duvernay ulikuwa na kaburi lao dogo, safu mbili nyuma ya lile la chama, lenye tundu moja tupu. Sidney angeingia mle. Lakini tundu lile Octave alikuwa amemwekea Verna, ambaye moyo wake ulisimama mwezi Februari, ukarudi. Alinyamaza. Jumamosi asubuhi alivunja lipu yake mwenyewe.

Nywele za Bi Eulalie zilikuwa bado zimesukwa. Alichokisukuma kwa ule mti hakikuwa mifupa, na hakikwenda kwa wepesi. Numa alisimama nje, amelipa kaburi mgongo, akipangusa kofia yake.

*

Jumanne, barazani kwa Numa, Octave aligawa karata vibaya mara mbili.

“Numa,” alisema, “nyumbani kwako hakuna kitu kinachosogea?”

“Kinachosogea ni tumbo la Clovis. Juzi lilikuwa kule, leo limefika mezani.”

“Liache tumbo langu,” alisema Clovis, mpiga tarumbeta mstaafu. “Hili limelishwa na wanawake watatu, la kwako limelishwa na kopo.”

“Nauliza kweli,” alisema Octave.

Numa alingoja Clovis aende msalani. Kisha aliinama juu ya meza. “Tave. Lile jambo limekwisha.”

“Mimi sijalitaja.”

“Basi usilitaje.”

Kochi lilisogea tena Jumatano, na Alhamisi, kila siku zaidi ya jana. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitano vilivyofuatana kama mabehewa, mlango wa mbele sebuleni na wa nyuma ubavuni mwa jiko: sebule, chumba cha kulala, chumba cha kati, jiko, bafu. Ijumaa kochi liliegemea ukuta wa chumba cha kulala. Octave alilirudisha dirishani na kuipigilia miguu yake sakafuni kwa skrubu nane. Wakaenda kula samaki parokiani. Waliporudi, saa tisa alasiri, skrubu zilikuwa palepale, zimesimama sakafuni, hazikulegea hata moja. Kila moja ilikuwa na kipande cha mti shingoni. Kochi lilikuwa limejing’oa na kurudi ukutani, nyayo za miguu yake zimechanika.

Verna alilitazama kwa muda.

“Mimi nitakaa chumba cha kati,” alisema.

“Kwa nini?”

“Sijui. Huku mbele siwezi kuvuta pumzi, Tave. Kila nikikaa naona kama kuna mtu anataka kupita na mimi nimemzibia njia.”

Hakusema kwa kulalamika. Alichukua mto wake, kitambaa anachoshona na redio ndogo, akahamia chumba cha kati. Siku mbili baadaye kitanda chao kilifuata. Octave hakuona kikisogea. Alitoka kuchukua gazeti barazani, na aliporudi kitanda kilikuwa kimekwama katikati ya mlango, kichwa kikiwa chumba kimoja na miguu chumba kingine.

Jioni ile Verna alimwomba amsugue mgongo. “Unaniuma tangu jana. Kama mtu aliyenichoma na fimbo.”

Octave alifungua kopo la mafuta ya kuchua, akapandisha blauzi yake. Chini kidogo ya mabega kulikuwa na alama tatu za buluu. Zilikuwa za duara, sawasawa, kila moja na upana wa mdomo wa kikombe. Alizipima kwa jicho, na jicho lake likamwambia zimetoka wapi. Mti wenye kichwa cha upana ule ulikuwa umeegemea ukuta wa banda lake la zana.

“Kuna nini?” Verna aliuliza. “Mbona umenyamaza?”

“Umejigonga mahali.”

“Mgongoni? Kwani natembea kinyumenyume?”

Usiku ule Octave aliukata ule mti kwa msumeno vipande sita, akavichoma moto uani. Asubuhi alama zilikuwa nne.

*

Jumapili iliyofuata kulikuwa na andamano la mwisho kabla joto halijawafungia watu ndani. Verna alikuwa na mahali pake: kona mbele ya duka la vinyozi, mstari wa kwanza, kiti cha kukunja na sanduku dogo la barafu lenye vinywaji. Kwa miaka thelathini hakuna aliyesimama mbele yake. Octave aliona itamfaa kutoka nyumbani. Alimwacha pale akaenda barabarani kucheza na wenzake, hatua ishirini tu, na kila alipogeuka alimwona akipunga leso.

Bendi ilipopinda kona, ngoma kubwa mbele na tarumbeta zikifuata, Octave aligeuka kumwonyesha mkewe hatua mpya, akaona kiti kimerudi hadi mstari wa pili. Alidhani ni watu. Alicheza mara mbili akageuka tena, na Verna alikuwa mstari wa nne, bado amekaa, leso mkononi, uso ukimtazama yeye. Watu waliokuwa mbele yake walikuwa wakiachana kumpisha na kukutana tena, kama watu wanaopisha gari bila kulitazama, wakicheza na kucheka na kuinua chupa, na hakuna aliyemgusa, hakuna hata mmoja aliyekuwa nyuma yake akimvuta wala mbele yake akimsukuma, ila kiti kilikwenda nyuma, miguu yake ya chuma ikikwaruza lami, sauti ambayo Octave aliisikia juu ya ngoma na tarumbeta na makelele ya mtaa mzima, mpaka mgongo wa Verna ukafika kwenye ukuta wa duka la vinyozi na kiti kikaanza kujikunja naye ndani.

Alimfikia akitumia viwiko. Verna alikuwa mweupe midomoni.

“Kanikanyaga,” alinong’ona.

“Nani?”

“Yule mama. Yuko mbele yangu. Humwoni? Kanipa mgongo.” Alivuta pumzi kwa shida. “Tave, nywele zake zina chokaa.”

Walirudi nyumbani kwa gari la jirani. Verna alizunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma, kitu ambacho hakuwa amekifanya maisha yake yote, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kukivuta mwenyewe mpaka kikagusa ukuta.

Octave alikwenda chumba cha mbele. Mapazia yalikuwa wazi, jua la saa kumi lilikuwa limeijaza sakafu, na chumba hakikuwa na kitu hata kimoja isipokuwa harufu ile ya lipu mbichi. Kila walichokuwa nacho kilikuwa kimerundikana nyuma. Alisimama mlangoni. Katikati ya sakafu, mahali pasipokuwa na mtu, mwanamke alipumua kwa kuridhika, kama anayejinyoosha kwenye kitanda kipana baada ya siku ndefu.

“Siku sabini na saba,” sauti ilisema. “Nitazilala hapa.”

*

Mama Zelime alikuwa muuguzi wa hospitali kwa miaka thelathini kabla ya kufungua kanisa sebuleni kwake. Kanisa lilikuwa na viti kumi na viwili, mishumaa, bakuli la maji na mlango wa wavu uliokuwa ukipigwa na paka wake.

“Daktari kwanza,” alisema, “halafu padri, halafu mimi. Mnapanga foleni hiyohiyo, mtaa mzima. Haya. Umefanya nini?”

“Nani kasema nimefanya?”

“Mzee Duvernay, mimi nimewaosha maiti nikiwa na umri wa mjukuu wako. Mfu hachagui nyumba kwa kuipenda rangi. Sema.”

Octave alisema. Alipofika kwenye nywele zilizosukwa alisimama, na Mama Zelime hakumsaidia. Alimngoja mpaka amalize.

“Huyo si wa kuchomea ubani,” alisema. “Huyo ana haki, na mzuka wenye haki ndio mbaya kuliko wote. Kanyang’anywa mahali, kaja kuchukua mahali. Kasukumwa, anasukuma. Mkeo amebakiza vyumba vingapi?”

“Yuko jikoni.”

“Kuna nini nyuma ya jiko?”

“Bafu.”

“Na nyuma ya bafu?”

“Ukuta.”

“Unalo tundu jingine la kumpa?”

“Ninalo la ukoo wangu.”

“Lilikuwa tupu siku ile?”

“Lilikuwa tupu.”

“Basi hilo ndilo,” alisema Mama Zelime. “Mtoe shimoni kwa mikono yako, mlaze mle peke yake, uzibe, na hesabu yake ianze upya. Mwaka na siku. Kati ya sasa na hapo, akifa mkeo au wewe, hamna pa kulala. Unakubali?”

“Nakubali.”

“Lakini hiyo ni nusu. Kuna mkono uliosukuma na kuna mdomo ulioagiza. Waje wote wawili wamwombe msamaha. Mkono peke yake hautamtosha.”

“Na mdomo ukikataa?”

“Mkono ulimgusa, ndiyo maana aliufuata mpaka kwako. Mdomo haukumgusa, ulinena tu. Hawezi kuufuata mpaka unene tena naye.” Alimfukuza paka kwenye wavu. “Mpaka hapo hasira yake yote itabaki ilipo. Kwa mkeo. Mlete mwenyekiti wako.”

Numa alikuwa barazani kwake, kwenye kiti cha kubembea, akisoma gazeti. Alisikiliza bila kulikunja.

“Sidney hatoki pale,” alisema.

“Sidney haguswi. Eulalie naenda kumweka kwetu. Nataka dakika kumi zako tu. Njoo useme samahani.”

“Nimwombe msamaha maiti? Mimi?”

“Kwa ajili ya Verna, Numa. Umesimamia ndoa yetu.”

“Mkeo anaumwa, mpeleke hospitali. Moyo wake ni wa kuazima tangu Februari, kila mtu anajua, usitafute mchawi.” Alifungua ukurasa mwingine. “Na hilo neno ukilipeleka kwenye mkutano, nitasema uliamua mwenyewe. Mwenye mwiko ni nani katika chama hiki? Mimi au wewe?”

Octave alipanda ngazi moja.

“Miaka hamsini, Numa,” alisema.

“Ndiyo. Na katika hiyo hamsini sijawahi kukuona mjinga hivi. Kanywe maji, jua kali.”

*

Alhamisi ya pili ya Julai, saa sita mchana, Octave alifungua tofali la kwanza chini ya kaburi la chama. Mama Zelime alisimama langoni na rozari. Kabla ya kuingia Octave alimpigia Verna simu.

“Uko wapi?”

“Bafuni.” Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikitoka karibu mno na simu. “Nimelala ndani ya beseni la kuogea. Hakuna pengine, Tave. Ukuta unanibana kote.”

“Nipe saa mbili.”

“Jitahidi iwe moja.”

Alitambaa ndani ya shimo akiwa na tochi na shuka jipya. Miaka mia moja na arobaini ya wanachama ilikuwa chini ya magoti yake, mifupa juu ya mifupa, na kila aliposogea ilisogea, ikatoa mlio wa vyombo vinavyooshwa. Na akamtafuta aliyemsukuma kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwa vidole, akipapasa gizani kila tochi ilipofifia, akiliita jina lake kwa sauti ya chini, Bi Eulalie, ni mimi Tave, Bi Eulalie, mpaka mkono wake ukagusa nywele zilizosukwa mistari sita, na nywele zile, ambazo hazikuwa na sababu ya kuwa na joto, zilikuwa na joto, na kitu kikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ya mtu anayekataa kuachwa mara ya pili, kisimwachie mpaka alipomfunga ndani ya shuka, akamvuta, akatoka naye kinyumenyume kwenye jua.

Alimlaza katika sanduku jipya, akalipeleka kwa toroli safu mbili nyuma, akaliingiza katika tundu alilokuwa amemtunzia mkewe. Alipiga magoti.

“Nilikuahidi, nikakusaliti,” alisema. “Tundu hili lilikuwa tupu siku ile na nikanyamaza. Naomba radhi. Mwaka ni wako, na siku moja.”

Alipanga matofali, akachanganya lipu, akaipaka na kuisawazisha kama alivyofunzwa na baba yake, kutoka chini kwenda juu, bila kurudia. Julai katika jiji lile lipu hushika kwa dakika ishirini. Hii haikushika. Ilitoa maji. Alipaka tena, ikatoa maji tena, yakateremka mpaka kwenye viatu vyake.

Kisha kutoka nyuma ya matofali, kwa sauti ya mtu aliyeweka mdomo karibu na ukuta:

“Na yeye?”

“Alikataa kuja,” alisema Octave.

Maji yaliendelea kutoka. Simu ilitetemeka mfukoni. Alipoipokea hakusikia maneno, alisikia pumzi tu, fupi, halafu fupi zaidi.

Octave aliweka kiganja chake kwenye lipu.

“Nifuate,” alisema.

Lipu ilikauka chini ya mkono wake.

Kulikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani. Moja ilipita barabara kuu, chini ya miti mikubwa, na ndiyo kila mtu aliyoipita kiangazi. Nyingine ilipita mtaa wa Numa, usio na kivuli hata cha mlingoti. Mama Zelime, pale langoni, alimwona anageukia wapi. Akabusu rozari yake na kwenda zake.

Octave alitembea katikati ya mtaa. Hakugeuka nyuma. Hakusikia hatua. Watu wawili waliokuwa wakiosha gari walimsalimu, kisha wakainamisha vichwa kidogo na kusema, “Shikamoo, mama.”

Numa alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, gazeti usoni kuzuia jua.

“Fundi!” alisema. “Umeshaomba radhi zako? Umejibiwa?”

“Nimejibiwa.”

“Wee mzee una vituko.” Aliteremsha gazeti, akakaza macho. Jua lilikuwa linampiga machoni. “Sasa huyo mama uliyekuja naye, mbona unamsimamisha juani? Ni nani?”

Octave alikuwa na nafasi ya kusema. Alikumbuka baadaye kwamba nafasi ile ilikuwa ndefu, ilitosha kabisa kwa jina la mtu.

“Ni mgeni wako,” alisema.

“Wangu?” Numa alisimama na kuifunga kola yake. Kwa wanawake alikuwa na adabu siku zote. Hilo hata maadui zake walikubali. “Basi samahani, mama. Huyu hakufundishwa na mama yake. Karibu. Karibu ndani, ukae, kuna maji baridi.”

Octave aliendelea kutembea. Alisikia mlango wa wavu ukifunguliwa, na Numa akisema, “Pita, pita, tangulia.” Kisha ukafungwa. Kisha akasikia kiti cha kubembea kikikwaruza ubao wa baraza, kikienda nyuma polepole, bila mtu.

Verna alikuwa kwenye ngazi za mbele za nyumba yao, nywele zimelowa, taulo mabegani. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa ulafi, kama mtoto aliyetoka kuogelea. Octave alikaa kando yake.

“Umepita kwa Numa?” Verna aliuliza.

“Nimepita.”

“Hajambo?”

“Ana mgeni,” alisema Octave, akainuka kwenda kunawa mikono.